Ubao Mama: Kuchagua Msingi wa Kompyuta ya Nyumbani Inayoweza Kukua



Katika toleo hili tunawaletea somo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaonekana kuwa la mafundi peke yao. Sivyo. Linahusu fedha za familia na fedha za michango, na jinsi uamuzi mmoja dukani unavyoweza kuzilinda au kuzipoteza. Tunazungumzia ubao mama, yaani ule ubao mpana ndani ya kompyuta ambao vifaa vingine vyote huchomekwa juu yake. Mafundi wengi huuita mazabodi.

Familia nyingi zinazounga kompyuta ya nyumbani kwa vipuri hazinunui vyote kwa mkupuo mmoja. Mwaka huu hununua vile vya lazima. Mwakani, baada ya mavuno au baada ya ada za shule kulipwa, huongeza diski au kumbukumbu. Mwaka unaofuata huongeza kadi ya kuhariri video. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu unafuata mfuko. Lakini utaratibu huu una sharti moja: ubao mama ulionunuliwa siku ya kwanza lazima uwe na mahali pa kuvipokea vifaa vitakavyokuja baadaye.

Mtu anayejenga nyumba ya chini huku akitarajia kuongeza ghorofa humwagiza fundi aache nondo zimechomoza juu ya nguzo. Nondo hizo hazimpi chumba leo, lakini bila hizo ghorofa haijengwi pasipo kubomoa. Nafasi za upanuzi kwenye ubao mama ndizo nondo zetu. Diski ikijaa, unaongeza diski. Kumbukumbu ikipungua, unaongeza kumbukumbu. Ubao ukikosa nafasi, hakuna cha kuongeza. Inabidi kufungua kila kitu na kununua ubao mwingine, na mara nyingine prosesa na kumbukumbu mpya pia.

Malengo ya somo

Baada ya somo hili msomaji aweze: kwanza, kuorodhesha mahitaji ya nyumba yake ya leo na ya miaka mitano ijayo, pili, kusoma maelezo ya ubao mama na kutofautisha nafasi zinazoonekana na nafasi zinazofanya kazi, tatu, kuchagua ubao unaotosha bila kulipia usichokihitaji.

1. Ukubwa wa ubao

Mbao za kompyuta za mezani hutengenezwa kwa vipimo vinavyojulikana. ATX, kipimo kilichotolewa na Intel mwaka 1995, ni milimita 305 kwa 244, na una uwezo wa kubeba hadi nafasi 7 za kadi. MicroATX ni milimita 244 kwa 244, na hubeba hadi nafasi 4. Mini-ITX, kipimo kilichotolewa na kampuni ya VIA mwaka 2001, ni milimita 170 kwa 170, na huwa na nafasi moja tu.

Ubao mdogo huingia katika kasha kubwa, lakini ubao mkubwa hauingii katika kasha dogo. Hivyo basi, kasha na ubao vichaguliwe pamoja. Mini-ITX hupendeza machoni na haichukui nafasi mezani, ila kwa familia inayonunua kidogo kidogo ni mlango uliofungwa mapema. Kwa nyumba nyingi microATX hutosha, na ATX ni kwa anayejua kwa hakika kwamba atachomeka kadi tatu au zaidi.

2. Umbo la nafasi na njia zilizomo ndani yake

Kadi za kisasa huchomekwa katika nafasi za PCI Express, teknolojia iliyoanza mwaka 2003. Nafasi hizi hutajwa kwa idadi ya njia za data: x1, x4, x8 na x16. Zifikirie kama barabara: yenye njia 16 hupitisha magari mengi zaidi kwa wakati mmoja kuliko yenye njia 1. Kadi ya grafiki hutumia ile ndefu ya x16. Kadi ya mtandao au ya sauti mara nyingi hutosheka na x1.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Nafasi inaweza kuwa na umbo refu la x16 huku ndani yake ikiwa na njia 4 tu, au hata 1. Kadi itaingia vizuri na itawaka, lakini data itapita katika barabara nyembamba. Kwa hiyo msihesabu nafasi kwa macho. Someni katika maelezo ya ubao kila nafasi ina njia ngapi kweli.

Aidha, kuna toleo la PCI Express. Toleo la 3.0 hupitisha takriban gigabaiti 1 kwa sekunde katika kila njia, 4.0 takriban 2, na 5.0 takriban 4. Matoleo haya huelewana: kadi ya zamani hufanya kazi katika nafasi mpya, na kadi mpya katika nafasi ya zamani, kwa kasi ya yule aliye chini. Kwa hiyo nyumba ya kawaida haina sababu ya kulipia toleo la juu kabisa. Nafasi mbili za toleo la 3.0 ni bora kuliko moja ya toleo la 5.0 ikiwa una kadi mbili za kuchomeka.

Jambo lingine ni unene wa kadi. Kadi nyingi za grafiki siku hizi huchukua upana wa nafasi mbili, na kubwa zaidi huchukua tatu. Nafasi iliyo chini yake hufunikwa, hata kama kwenye karatasi inahesabiwa. Ubao wenye nafasi tatu unaweza kubaki na moja tu mara kadi ya grafiki inapofungwa.

3. Nafasi zinazonyang'anyana

Njia za data hutoka sehemu mbili: ndani ya prosesa yenyewe, na ndani ya chipuseti, ambayo ni kifaa kilichogandishwa kwenye ubao ili kugawa mawasiliano kwa vifaa vingine. Njia hizo zina idadi maalumu. Mtengenezaji anapotaka kuweka nafasi nyingi kuliko njia alizo nazo, huzifanya nafasi mbili zitumie njia zile zile. Ukichomeka hapa, pale panazimika.

Mfano mzuri ni nafasi ya M.2, inayopokea diski nyembamba za SSD. Diski iliyozoeleka zaidi ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Kwenye mbao nyingi, kwa mfano nyingi zenye chipuseti ya AMD B550 ya mwaka 2020, diski ikiwekwa katika M.2 ya pili, milango miwili ya SATA huacha kufanya kazi. SATA ndiyo milango ya diski za kawaida zenye waya. Mtu aliyepanga kuwa na M.2 mbili na diski sita za SATA atajikuta ana M.2 mbili na SATA nne.

Tunasisitiza pia kwamba M.2 ni umbo, si kasi. Kuna diski za M.2 zinazoongea kwa lugha ya SATA, ambazo mwisho wake ni takriban megabaiti 550 kwa sekunde, na kuna za NVMe zinazopita katika njia za PCI Express kwa kasi iliyo mara kadhaa ya hiyo. Nafasi nyingine za M.2 hupokea aina moja tu. Hakikisheni diski na nafasi vinaelewana kabla ya kulipa.

Prosesa nayo ina sauti katika jambo hili. Prosesa ya Ryzen 5 8500G, kwa mfano, hutoa njia 4 tu kwa nafasi kuu ya kadi ya grafiki, na 8600G hutoa 8, hata kama ubao wenyewe umeandikwa x16. Kwa upande wa Intel, prosesa ambazo jina lake linaishia na herufi F hazina sehemu ya picha ndani yake, hivyo mlango wa skrini ulio kwenye ubao hautatoa picha mpaka ununue kadi ya grafiki. Anayepanga kununua kadi hiyo mwakani asichukue prosesa ya F leo.

4. Kumbukumbu, yaani RAM

Mbao hutofautiana: nyingine zina nafasi 2 za RAM, nyingine 4. Tofauti hii ndogo ina uzito mkubwa kwa mnunuzi wa kidogo kidogo. Kompyuta hufanya kazi vizuri zaidi RAM ikiwa katika jozi. Aliyeanza na vipande viwili vya gigabaiti 8 katika ubao wa nafasi 2 amejaza nafasi zote. Akitaka gigabaiti 32 itambidi aviondoe vyote viwili. Mwenzake mwenye nafasi 4 huongeza jozi nyingine na kuendelea na kazi. Bei za RAM zilipanda sana mwishoni mwa mwaka 2025, na hilo linatukumbusha kwamba kipande ulicho nacho tayari si cha kutupa.

Kumbukeni pia kwamba DDR4 na DDR5 hazichanganyiki. Pengo lililo chini ya kipande haliko mahali pamoja. Na kwa DDR5, vipande vinne mara nyingi hukimbia kwa kasi ndogo kuliko viwili. Kwa matumizi ya nyumbani hilo si tatizo kubwa, ila ni vyema kulijua mapema.

5. Soketi: prosesa ijayo itaingia?

Soketi ni kitanda cha prosesa. Upanuzi wa kweli ni pamoja na uwezo wa kubadili prosesa baada ya miaka michache bila kubadili ubao. Soketi ya AMD iitwayo AM5 ilitoka mwaka 2022, na kampuni hiyo ilitangaza kuihudumia angalau hadi mwaka 2027. Soketi ya Intel LGA1700 ilitoka mwaka 2021 na ilipokea vizazi vya 12, 13 na 14. Mwaka 2024 ikaja LGA1851. Ubao wa LGA1700 bado ni mzuri kwa anayeanza na prosesa ndogo ya kizazi cha 12 akitarajia kupata iliyotumika ya kizazi cha 13 au 14 baadaye, lakini hauna safari zaidi ya hapo.

Msidanganywe na umbo. Mbao za Intel za soketi LGA1151 zilizotengenezwa kwa ajili ya kizazi cha 6 na 7 hazikubali prosesa za kizazi cha 8 na 9, ingawa kwa macho soketi ni ile ile. Hili ni muhimu kwa wanaonunua mitumba, na kwa wafadhili wanaotuma vifaa vilivyotumika. Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha 8 isipokuwa chache sana, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Mbao hizo za zamani zinaweza kuendelea kutumika kwa mfumo wa Linux, lakini zisihesabiwe kama msingi wa miaka mitano ijayo.

6. Mfano wa kufanyia kazi

Tuchukue mfano wa familia yenye watoto wawili shuleni, ambayo pia hutunza picha na video za kwaya. Leo wanahitaji prosesa yenye sehemu ya picha ndani yake, RAM ya gigabaiti 16 katika vipande viwili, na SSD moja ya M.2. Ndani ya miaka mitano wanataka kuongeza: diski mbili za SATA za kuhifadhia, RAM ifike gigabaiti 32, kadi ya grafiki ya kuhariri video, kadi ya kunasa video kutoka kwenye kamera, na SSD ya pili.

Ubao wa kwanza una chipuseti ya Intel H610. Chipuseti hii hutoa njia 8 za toleo la 3.0, na hairuhusu zaidi ya nafasi 2 za RAM. Mbao zake kwa kawaida zina M.2 moja, nafasi moja ya x16 na moja au mbili za x1. Bei yake ni ndogo na kwa leo unatosha kabisa. Lakini ukiipitia orodha ya familia, RAM inakwama, SSD ya pili mara nyingi inakosa mahali, na kadi ya kunasa video inaweza kufunikwa na kadi ya grafiki.

Ubao wa pili ni microATX wenye chipuseti ya B760, nafasi 4 za RAM, M.2 mbili, SATA nne, nafasi kuu ya x16, na nyingine ndefu yenye njia 4. Chipuseti hii hutoa njia 14. Orodha yote inaingia. Hata hivyo, zipo mbao za B760 zenye nafasi 2 tu za RAM, hivyo angalieni ubao wenyewe, si jina la chipuseti pekee.

Ubao wa tatu ni ATX wenye chipuseti ya Z790, inayotoa njia 28. Kwa kawaida una M.2 tatu au zaidi, na unahitaji kasha kubwa. Kila kitu kinaingia na nafasi zinabaki. Lakini familia hii haina cha kuweka katika nafasi hizo. Fedha ya ziada ingefaa zaidi kununua diski ya kuhifadhia nakala au UPS ya kukinga kompyuta umeme unapokatika.

Jibu la mfano huu ni ubao wa pili. Wa kwanza ni wa bei ya chini, lakini ukiubadilisha baada ya miaka miwili umelipa mara mbili. Wa tatu una fahari, lakini kipya kinyemi ingawa kidonda.

7. Mambo madogo yanayosahaulika

Nafasi ya PCI Express hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi hupata umeme kwa waya kutoka kwenye pawasaplai, hivyo pawasaplai nayo inunuliwe kwa kuangalia mbele. Hesabuni sehemu za kuchomekea feni, kwa sababu kila kifaa kinachoongezwa huongeza joto, na nyumba zetu zina vumbi. Angalieni kama ubao una sehemu ya kuunganisha USB za mbele ya kasha.

Kwa wenye kadi za zamani za PCI, teknolojia ya mwaka 1992: haziingii katika PCI Express. Kabla ya kupokea au kutuma kadi za msaada, ulizeni kwanza ni za aina gani.

8. Hatua za kufuata

(a) Andikeni orodha mbili: vifaa vya leo, na vifaa vya miaka mitano ijayo. Orodha ya pili iwe na vitu ambavyo kweli mna nia ya kuvinunua, si ndoto.

(b) Kwa kila kifaa andikeni kinahitaji nafasi gani: x16, x1, M.2, SATA au RAM.

(c) Pakueni kijitabu cha ubao kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kampuni kama Asus, Gigabyte, MSI na ASRock huvitoa bila malipo. Hakikisheni jina la ubao ni lile lile hadi herufi ya mwisho.

(d) Tafuteni maandishi madogo yenye vinyota chini ya jedwali. Humo ndimo huandikwa nafasi ipi huzimika nyingine ikitumika.

(e) Chukueni orodha ya pili na muweke alama kwenye kila nafasi kana kwamba vifaa vyote vimeshafungwa. Vikiingia vyote kwa wakati mmoja na kubaki nafasi moja ya akiba, ubao unatosha.

(f) Hifadhini karatasi hiyo pamoja na risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na fundi atakayekuja mwaka ujao ataanzia hapo.

Kwa kamati na wafadhili

Kamati inayosaidia familia au ofisi kununua kompyuta ya kuunga iombe orodha zote mbili kabla ya kuidhinisha fedha. Iwapo bajeti ni finyu, punguzeni prosesa, punguzeni diski, au ahirisheni kadi ya grafiki. Hivyo vyote huongezwa baadaye. Ubao mama uwe wa mwisho kupunguzwa. Na wafadhili wanaoona katika bajeti ubao wa bei ya kati mahali ambapo wa bei ya chini ungewasha kompyuta, waelewe kwamba si anasa: ndiyo nafasi ya kupokea mchango wa mwakani bila kutupa wa mwaka huu.

Maswali ya kujadili

1. Katika kompyuta tulizonazo, ni ngapi zina nafasi iliyo wazi ya kuongeza RAM au diski?

2. Je, tuna kijitabu cha ubao wa kila kompyuta, au angalau jina lake kamili?

3. Ni kifaa gani tunachotarajia kukiongeza ndani ya miaka miwili, na kitachomekwa wapi?

4. Tukipewa nafasi ya kupunguza gharama leo, tungepunguza wapi bila kujifungia mlango wa kesho?